Serafina na Jiwe la Michembe la Mwalusambo

Kitendawili! Najua umeitikia "tega", hata kama uko peke yako na redio yako. Kitanda changu hakina miguu, na chakula cha kijiji kizima kinalala juu yake. Umeshindwa? Nipe mji.

Wasikilizaji wapendwa, ni jiwe. Jiwe bapa la Mwalusambo, kijiji cha kilimani juu ya barabara ya Masumbwe. Waliotangulia walipanda na ng'ombe wao, wakaliona, wakasema viazi vitakauka hapa. Wakajenga. Shule ilikuja baadaye, kanisa baadaye, mnara wa simu umekuja juzi tu.

Leo tunamkumbuka Serafina, aliyezikwa Jumamosi. Miaka arobaini alikata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe kwenye jiwe hilo. Na miaka ishirini alizozana na jirani yake, Rhoda. Waligombea mpaka, kila mmoja akidai jiwe ni lake. Katikati ya jiwe ulikuwepo mstari wa kokoto. Asubuhi Rhoda anausogeza kwa Serafina, jioni Serafina anaurudisha.

"We Rhoda, kokoto hizi zimeota miguu?"

"Zinakufuata wewe, mayu. Zinakupenda!"

Binti wa Serafina, Juliana, anasema: "Mama akiumwa, wa kwanza kuleta uji ni Rhoda. Akishakunywa tu, wanaanza tena."

Mwaka huu akaja Thobias, mwenye mashimo ya dhahabu kule Rwamgasa. Alitaka kulilipua jiwe, achimbe chini yake. Kijiji kikamwambia: bila ridhaa ya mwenye jiwe, hapana. Serafina akasema mwenyewe ni yeye, akakataa. Alikataa akiwa mzima, akakataa akiwa kitandani. "Dhahabu haipikwi," alisema.

Siku ya tatu ya matanga Thobias akapanda tena kilima. Akamkuta Rhoda palepale jiweni, anageuza michembe. Waombolezaji wakasogea kusikiliza.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Nyumba ya bati nakujengea, na ng'ombe sita juu. Mwenzako hayupo tena. Sasa niambie, jiwe hili ni la nani?"

Rhoda akageuza kipande kingine. Miaka ishirini alitamani mtu amuulize hivyo, mbele za watu.

Pole sana, Juliana. Pole kwa wajukuu, na kwa Mwalusambo yote. Nawe unayenisikiliza, yupo jirani mnayenuniana? Hebu kamsalimie leo, angali anaitikia.

Rhoda alijifuta unga wa viazi mikononi, akamtazama Thobias usoni.

"La Serafina," akasema. "Na alishakukatalia."