Kura Yangu kwa Sekela

Mheshimiwa Diwani, wachungaji wetu, wazee mliotoka Isongole na vumbi lenu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wabunifu wa mavazi wa Tunduma, watu wazuri kuliko hata nguo mnazoshona: hamjambo?

Mimi Efraimu nimekula Lusaka, nimelala Lubumbashi, nimenyimwa mke Durban. Miaka yote niliyoongoza kikundi hiki, nani aliwahi kunishinda kuongea? Leo nang'atuka, na kabla ya kura nasikia mnanong'ona: "Sekela ataongozaje, mbona mpole vile?"

Sikilizeni. Ile picha ya wanawake sokoni niliinunua mimi, nikaitundika ofisini tupendeze. Sekela ndiye aliyeanza kutukusanya mbele ya picha hiyo kila Jumatano, kabla mtu hajashika mkasi. "Unaona nini? Kipi kinakufanya useme hivyo?" Kila mmoja anajibu, yeye anarudia jibu la kila mmoja, la kwake halitoi. Nikamwambia, "Binti, picha ni yangu, maana yake ninayo mimi." Akanijibu, "Sawa baba, subiri zamu yako." Mimi! Mbele ya wanafunzi wangu!

Mkasema ni mchezo. Haya, mwezi wa sita si zilikuja familia mbili kuchagua kitenge cha sare ya harusi? Upande wa bwana, watu wa Mbozi, wanataka zambarau tu. Upande wa bibi, watu wa Ileje, wamenuna, hawasemi kwa nini. Harusi inavunjikia mikononi mwetu! Nikasimama, nikawahutubia kuhusu rangi zinazovaliwa duniani. Wakazidi kununa.

Sekela akavitundika vitenge ukutani. "Shangazi, hapa unaona nini?" Shangazi wa bibi harusi akakishika kile cha zambarau, akasema, "Naona siku tuliyomzika mama wa huyu mtoto. Tulivaa hiki."

"Shangazi anaona siku ya mazishi," Sekela akarudia, taratibu. Basi. Aliyeinuka kukishusha kile kitenge ni baba wa bwana harusi mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Ndugu zangu, mbunifu asiyeweza kuwafanya watu waseme atamshonea nani? Na mnaita upole?

Mkitaka mpiga kelele mwingine, mji huu unao wengi, kachukueni. Mkono wangu huu hapa juu, na sishushi mpaka nione na yenu. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia leo na miaka yote. Haya, inueni, bega langu ni la kizee.