Mzee Kiguu na Matairi ya Ndege

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mungu akipenda, fundi tairi wetu atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya shamba hili. Nimesema Mungu akipenda, na sikusema kwa mazoea ya mdomo. Mpaka majuzi hapakuwa na mtu mwenye uhakika kwamba kweli ataondoka. Mwenyewe hakuwa nao. Mkewe ndiye aliyekuwa roho juu kuliko sote.

Tunamwita Kiguu-na-Njia, kwa kifupi Mzee Kiguu. Wageni hudhani ni mtu wa safari. Wapi! Njia zake zote ziko humu humu ndani ya ua. Mfuate kwenye kompresa, yuko shimoni chini ya trekta. Inama shimoni, sauti yake inatokea nyuma ya stoo. Chai anakunywa wima, na kikombe utakikuta kimepoa juu ya ekseli ya tela asilolishughulikia. Mimi ni mtunza stoo, na katika miaka yangu yote hapa sijamwona akisubiri spana. Nikigeuka kuitafuta, ameshapita kaunta, ameichukua, ameondoka. Nimekwisha kumsamehe mbele ya Mungu, na yeye nimemwambia.

Alianza kama mpakiaji wa magunia. Siku hizo matela ya shamba yalikuwa na magurudumu ya chuma, na kila tela likipita kwenye tuta, waliokaa juu yake walikuwa wanaumwa viuno mpaka jioni. Mzee Kiguu, ambaye hata wakati huo hakuweza kukaa, alizoea kuzungukazunguka malori yaliyoleta mbolea. Akaona madereva wanatupa matairi yaliyoisha meno. Akayabingirisha hadi karakanani moja moja. Hoja yake ilikuwa fupi: tairi lililochoka barabarani halijachoka shambani, maana barabarani linakimbia na shambani linatembea. Akakata, akapima, akamsumbua mchomeleaji wa enzi zile mpaka rimu za lori zikakaa kwenye ekseli za tela. Baadaye ikawa zamu ya haro ya kuvunjia madongoa, kisha mashine ya kupandia, kisha kila kitu chenye gurudumu. Wanawake wa kuvuna viazi ndio waliokuwa wa kwanza kutoa shukrani. Walisema sasa hata mjamzito anaweza kupanda tela.

Halafu yakaja matairi ya ndege. Muuza chuma chakavu aliyashusha mbele ya geti, mafupi, manene, hayana meno hata moja, mistari tu ya kuzunguka. Karakana nzima ilicheka.

"Mzee, sasa tutaruka?" dereva wa trekta akauliza.

"Kuendesha kwenyewe kunakushinda, kuruka utaweza wapi?"

Lakini siku hiyo Mzee mwenyewe alikosea, na kosa lake hulisimulia kila mgeni anayeingia karakanani. Ubavuni mwa tairi la ndege imeandikwa presha yake. Akajaza upepo kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, kama anafuata maandiko. Tela likapakiwa nyanya. Njia nzima lilidunda kama mpira, na lilipofika ghalani zilikuwa zimebaki mbegu na maji. Meneja wa wakati huo akasimama pale, mikono kiunoni, akisubiri mtu wa kulaumiwa. Mzee Kiguu akajitokeza mwenyewe: "Nimeijazia ndege, nikasahau nyanya."

Kuanzia hapo hakutulia. Alipunguza upepo kidogo, akavuta tela tupu, akaangalia. Akapunguza tena, akalipakia, akavuta. Mwisho akagundua kwamba tairi lenye matabaka mengi namna ile halihitaji upepo mwingi kubeba mazao yetu, na likilegezwa linatanuka chini na kukanyaga tope badala ya kulichimba. Akatuachia kipimo chake ambacho hakipo kwenye geji yoyote: tairi likinuna kwa kujaa upepo litazama, likicheka litapita. Kwa msingi huo tela linapita bondeni kwenye udongo mweusi hata mvua ikiwa imekolea, mahali ambapo zamani tulikuwa tunaacha viazi vioze hadi jua lirudi. Miiba nayo imekata tamaa. Alisisitiza pia kwamba matairi hayo ni ya kuvutwa tu. Ukiyafunga kwenye trekta yenyewe, bila meno, yatazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia.

Jambo moja tu lilikuwa halina utani kwake. Ni marufuku kuchomelea rimu tairi likiwa bado limevishwa. Moto unapasha upepo wa ndani, na anayeinama juu yake hatasimulia. Mchomeleaji wetu wa sasa, tunayemwita Shemeji kwa kuwa ameoa dada wa dereva wa trekta, alijaribu hivyo mara moja mwaka wake wa kwanza. Mzee alimfukuza na kipande cha bomba karakana nzima. Shemeji ni mtu wa mwendo wa kinyonga, na ile ndiyo mara pekee tuliyomwona akikimbia.

Sasa nije kwenye kuondoka kwake. Mkewe, ambaye kwetu sote ni Mama Mkubwa, ametangulia kwenye kiwanja chao, amepanda mboga, ameezeka, anamngoja. Kila likizo tulimrudisha. Hata siku ya arusi ya binti yake tulimpigia simu, na mzee wa watu akaja na suti, akajaza upepo, akarudi kwenye sherehe ana grisi kwenye kola. Mama Mkubwa aliniambia siku moja baada ya ibada, "Mdogo wangu, mimi sina mume. Nina mgeni."

Meneja naye alikuwa amekwisha kumwandalia mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Mzee Kiguu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akamwambia mkewe mbele yetu: tela moja litoke karakanani bila mkono wake wala mdomo wake, livuke bonde na mzigo. Likivuka, ataenda nyumbani. Likikwama lisivuke, atatia saini.

"Mkono nakuamini," Mama Mkubwa akasema. "Mdomo ndio sijui."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shemeji akatengeneza rimu, akachomelea zikiwa tupu, akavisha matairi ya ndege, yote kwa mwendo wake ule. Mzee Kiguu alikuwa ametia mikono mfukoni. Alikwenda hadi getini akarudi, akazunguka tangi la dizeli, akarudi, akaning'inia dirishani kwangu akiniuliza habari za watoto bila kusikiliza jibu. Ndipo Shemeji akaanza kujaza upepo. Akaangalia magunia ya viazi, akaona mzigo ni mzito, akaongeza. Nikamwona Mzee anafungua kinywa. Akakiziba kwa kiganja chake mwenyewe.

Tela likaingia bondeni. Katikati likazama hadi ekseli.

Dereva akazima injini. Mama Mkubwa, aliyekuja tangu asubuhi, akafumba macho.

"Mzee, njoo basi!" dereva akaita.

Mzee akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akafika ukingoni mwa tope, akawa anakanyagakanyaga palepale kama mtu anayesikia ngoma. Hakuingia. Hakusema.

Kule topeni Shemeji alikuwa analizunguka tela taratibu, matope magotini, anayatazama matairi usoni. "Mbona mmenuna?" tukamsikia akiyauliza. Akainama kwenye valvu. Upepo ukatoka. Akahamia upande wa pili, akapunguza, akasogea nyuma kuangalia, akapunguza tena.

"Haya, vuta," akamwambia dereva. "Usiwe na papara kama shemeji wa mtu."

Tela likayumba, likanyanyuka, likavuka. Wavunaji wakapiga vigelegele.

Mzee Kiguu hakupiga. Nilimfuata, nikamkuta anapangusa uso kwa mkono wa ovaroli.

"Niliona tangu karakanani," akaniambia. "Nikisema, nimevunja ahadi, nabaki. Nikinyamaza likwame, nabaki vilevile. Nilikuwa naomba, dada, lakini sikujua naomba lipi."

Nyuma yetu Mama Mkubwa akajibu, "Mimi nilijua."

Basi akaenda na viatu vyake vya matope mpaka ofisini kwa meneja, akashukuru kwa mkataba, akauacha mezani. Alirudi karakanani, na siku hiyo hakuna aliyemtania.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila tela lililofika na kwa kila mgongo uliousalimisha. Tunajua wiki za mwanzo zitakuwa kazi kuliko kazi, na asubuhi miguu itataka kuja huku. Ikianza, Mama Mkubwa ana ruhusa yetu sote kuvificha viatu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie siku, na akufundishe kukaa, maana sisi tulishindwa.

Namba yako ya simu ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya kompresa, kubwa, ili yeyote aione akiwa mbali. Jana Shemeji aliifuta kwa kitambaa cha dizeli. Alichukua muda mrefu sana kuifuta, na hakuna aliyemharakisha. Uishi vema nyumbani kwako. Simu ikiita, ipokee bila wasiwasi: tumekubaliana itakuwa ya salamu tu.