Katuni Iliyotuweka Wawili Peke Yetu

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, nawasalimu. Mchungaji aliniomba niseme siku nyingi zilizopita. Nikamwambia nimechoka. Akasema basi njoo useme ukiwa umechoka hivyo hivyo. Ndiyo nimekuja. Sitamtaja mtu kwa jina. Wengi wenu mnajua vipande vya mambo haya, na wengine mnavyo kwenye simu zenu mpaka leo. Sisemi kwa kulaumu. Nataka tu myasikie yote kwa mfululizo, kutoka kwangu.

Mimi ni mkulima wa Nambis. Nimeolewa, na Mungu ametupa watoto. Mume wangu ni fundi ujenzi, na kazi humpeleka Katesh akakaa huko mpaka nyumba ya mtu iezekwe. Hapa kanisani mlinizoea kwa kusoma neno. Watu walisema nina sauti inayofika mlangoni bila kipaza sauti. Hiyo sauti ndiyo iliyoniingiza katika haya.

Kulikuwa na watu wanatengeneza katuni ya kufundisha wakulima na wafugaji waishi bila kugombana. Mnajua wenyewe mambo ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi. Katika hiyo katuni kuna mwanamke mkulima wa huku juu na mfugaji wa kule chini Hanang. Ng'ombe wanakula shamba, na badala ya kushika fimbo wanakaa, wanaongea, wanaelewana. Basi, ndiyo hadithi yote. Dada aliyekuwa anachora alikuja hapa siku ya ibada, akanisikia nikisoma, akaniomba niwe sauti ya yule mwanamke. Nilimwuliza mume wangu kwa simu, akasema haoni ubaya.

Tulirekodi kwenye darasa la shule ya msingi. Dada alitundika mablanketi madirishani na ukutani ili sauti isirudi. Nikasimama mbele ya blanketi la kijivu, nikaliambia hilo blanketi: "Ng'ombe wako wamemaliza shamba langu. Karibu kiti, tuongee." Nilisema hivyo kwa hasira, nikasema kwa upole, nikasema kwa sauti ya chini, kila alivyotaka. Hakukuwa na mwanaume mle ndani. Sauti ya mfugaji dada alikuwa ameshairekodi kule Hirbadaw, kwa wafugaji, na mimi sikumwuliza ni ya nani. Kabla hajaondoka alinipiga picha za uso, akasema zitamsaidia kuchora.

Miezi ikapita. Tukaitwa Bashay kuangalia. Walitundika kitambaa cheupe ukutani, na watu walijaa kuliko siku ya mnada. Nilipomwona yule mwanamke wa katuni nilicheka mwenyewe, maana alikuwa na mwanya wangu na alifunga kilemba kama mimi. Walionijua walinisukuma kwa kiwiko, wakafurahi. Ng'ombe walichorwa vizuri, watoto wakacheka.

Halafu ikafika sehemu ya kuongea. Wapendwa, nisikilizeni hapa, maana yote yalianzia hapa. Picha ilianza kusogea. Ikawaacha ng'ombe, ikaiacha nyumba, ikasogea mpaka wakabaki wale wawili tu, nyuso mbili kwenye kitambaa kizima. Nyuma yao kila kitu kikafifia kama asubuhi ya ukungu. Jua likawa linazama katikati yao. Milio ya ng'ombe ikakatika. Yule mwanamke akasema kwa sauti yangu, "Karibu kiti, tuongee," akamtazama mwanaume, akainamisha macho, kisha akamtazama tena. Mwanaume hakujibu haraka. Hawakugusana. Hakuna neno la mapenzi lililosemwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini uwanja mzima ulinyamaza, halafu mtu mmoja akapiga mluzi.

Nilikaa pale nikaona aibu, na nilikuwa sijafanya kitu.

Kesho yake kipande hicho kilikuwa kwenye magrupu ya simu. Mtu alikikata, akakiwekea wimbo wa mapenzi chini yake. Wakaanza kuulizana huyo mwanaume ni nani. Wakasema sauti haiwezi kutoka hivyo kama mtu hampendi anayeongea naye. Mwingine akasema ameniona stendi nikipanda gari la Katesh, huko huko Hanang kwa mfugaji. Ni kweli nilipanda. Nilikuwa nampelekea mume wangu nguo za baridi.

Mume wangu alikipata huko huko kazini. Mafundi wenzake walikuwa wanakiangalia wakati wa chakula, wanacheka, hawajui ni mke wa nani. Alirudi nyumbani mchana, saruji bado iko kwenye viatu. Hakunisalimia. Alinipa simu, akasema angalia. Nikaangalia. Akaniuliza tulirekodi wapi, na nani alikuwepo. Nikamweleza habari ya darasa na blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu si mtu wa kelele, hajawahi kunipiga. Akasema tu:

"Wewe hujawahi kunitazama hivyo."

Nikamwambia huyo si mimi, ni mchoro. Akauliza, basi huo mchoro umeyatoa wapi macho hayo. Akachukua begi lake la vifaa, akarudi Katesh. Baada ya hapo nikipiga simu haipokelewi.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akisingiziwa wizi anaweza kusema njooni mkague nyumba. Mimi ningewaambia mkague nini? Kila aliyeangalia alisema ameona kwa macho yake. Nikiuliza ameona nini, anasema ameona wanavyotazamana. Wazee wa kanisa waliniita kwa upole kabisa, wakaniomba nipumzike kusoma mpaka maneno yapoe. Niliitikia.

Nikapumzika kweli. Niliacha kusoma, nikaacha kwenda sokoni, kisha nikaacha kwenda shamba. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na maharage yangu yakafunikwa na majani. Nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa wa homa, na homa sina. Ajabu yake ni sauti. Sikuwa bubu, lakini nilichoka kuisikia. Kila nikitaka kuongea naisikia ile ya kwenye katuni. Nikaanza kujibu watoto kwa kichwa. Mdogo aliniuliza kama koo linauma, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Ndipo mama mkwe wangu akaja. Sitaki mfikiri alikuja kunitetea. Alikuja kuchukua wajukuu. Alikuwa amesikia maneno, na kwake hakuna simu ya picha, kwa hiyo alikuwa na maneno matupu. Aliwaambia watoto wakusanye nguo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, sikuinuka kubishana. Labda hilo lilimsumbua, maana aliketi kando yangu, akaomba kuiona hiyo picha. Sikutaka. Akanyoosha mkono, akasubiri. Nikamfungulia, siyo kipande, katuni nzima kama dada alivyonitumia.

Aliangalia huku ameisogeza simu mbali na macho. Ilipofika pale, aliniambia irudishe. Nikairudisha. Aliniuliza kwa Kiiraqw, nami nawaambia kwa Kiswahili: "Shamba limeliwa na mnaongea wawili tu? Watu wa kijiji wako wapi? Mwanzoni kulikuwa na bibi anapukuchua mahindi mlangoni. Wamempeleka wapi?"

Sikujua. Sikuwa hata nimemwona huyo bibi. Akasema basi aliyechora aje aseme. Akasema na mwanawe atakuja, yeye atamwita. Nguo za watoto aliziacha pale pale kwenye mfuko, akalala kwangu.

Dada wa katuni alikuwa Babati. Nilimpigia, na nilipoanza kueleza nililia badala ya kuongea. Alikuwa hajui lolote, kwao katuni ilikuwa imesifiwa. Alikuja na kompyuta yake kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Mume wangu naye alikuja, kwa sababu mama yake alimwita. Tukakaa sebuleni: mama mkwe, mume wangu, shemeji yangu mkubwa na mzee mmoja wa kanisa.

Dada alifungua kompyuta, akatuonyesha picha ile ile kabla haijasogezwa. Ndugu zangu, pale uani palikuwa na watu. Bibi alikaa na ungo wake katikati yetu kabisa, kati ya mwanamke na mfugaji. Watoto wawili juu ya gogo. Majirani wamesimama na majembe. Ng'ombe mmoja anakula kilemba kilichoanikwa. Ilikuwa picha ya kuchekesha. Hakuna ambaye angepiga mluzi.

Dada akaeleza kwamba wakubwa wake waliiona hivyo, wakasema haina joto, mtazamaji awapende hawa wawili. Ndipo akamwondoa bibi na kuwasogeza wale wawili. Akaibana fremu mpaka wakabaki peke yao, akafifisha vya nyuma, akaweka jua, akaacha kimya kabla ya jibu. Alisema ukiwafungia watu wawili ndani ya fremu moja na dunia yote ukaifuta, anayeangalia anaimalizia hadithi mwenyewe. Alitaka watu waone amani, hakufikiri wangeona kitu kingine. Kisha akatusikilizisha rekodi. Yangu, nakohoa, naomba maji, na sauti ya kengele ya shule kwa mbali. Ya mwanaume, mbuzi wanalia nyuma yake.

Mume wangu alikuwa ameinama. Akauliza, "Na huyo mwenye sauti?"

Dada akasema yuko nje. Amekuja naye, ila alisema hawezi kuingia nyumba ya mtu mwenye hasira bila kuitwa.

Akaitwa. Akaingia mzee amejifunga shuka, fimbo mkononi, mvi kichwa kizima. Umri wa baba yangu, tena zaidi. Sauti yake ni nyepesi tu kwa asili, kama ya kijana, ndiyo maana dada aliipenda. Alisimama mlangoni akatutazama. Mume wangu aliinuka.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba." Yule mzee akaegemea fimbo. "Nimesikia nimechukua mke wa mtu. Wanangu wameniuliza, na mama yao ameniuliza. Nikasema basi twende nikamwone, maana simjui."

Mama mkwe wangu alicheka kwanza, akaziba mdomo kwa kanga. Mzee akageuka kwangu, akauliza kama ni mimi niliyempa kiti. Na mimi, ambaye nilikuwa sijaongea na mtu mzima sentensi nzima tangu maharage yapandwe, nikasema shikamoo, nikasema karibu kiti. Yale yale maneno. Safari hii kiti kilikuwepo, akakaa, akapewa chai.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo kila kitu kiliisha. Hakikuisha. Mume wangu alirudi Katesh kumaliza nyumba ya watu, ila sasa simu alikuwa anapokea. Watoto walibaki, mfuko wa nguo ukafunguliwa. Alirudi wakati wa kuvuna, na tulipokuwa tunamenya mahindi aliniambia kwamba hakumchukia yule mwanaume hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mgeni amekaa na penseli, akajua ninavyoweza kumtazama mtu, na yeye mwenye nyumba hajui. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nimechoka, tangu tuoane nimechoka, na mtu aliyechoka hutazama chini anapokanyaga. Siku hizi, akiwa nyumbani, asubuhi anaamka kuteka maji yeye, na mimi nalala kidogo. Wengine mmemwona na ndoo. Msimcheke.

Dada aliirudisha picha pana, na bibi na ungo wake. Hiyo ndiyo inayoonyeshwa vijijini sasa. Ile ya zamani bado inazunguka. Wiki hii tu nimeonyeshwa sokoni na mtu asiyejua kuwa ni mimi. Siwezi kuifuta kwenye simu za watu, na nguvu za kuikimbiza sina tena. Kusoma nimerudia, sauti haifiki mlangoni kama zamani, lakini waliokaa mbele wananisikia.

Somo langu ni hili, na si kubwa. Ukiletewa picha ya watu wawili, kabla hujasema umeona, uliza nani mwingine alikuwepo hapo. Na wewe mwenye mke au mume, mtazame kabla mgeni hajakuchorea.

Namshukuru mama mkwe wangu, aliyekuja na neno moja akaondoka na lingine. Namshukuru yule mzee kwa safari ndefu katika mvua, na dada kwa kutoona aibu kuja. Wazee wa kanisa, nawashukuru kwa kunirudisha. Na kuna mmoja ambaye simjui. Wakati nimelala mchana ndani, mlango umefungwa, nilisikia jembe shambani kwangu. Nilisikia siku moja, na nyingine tena. Hakubisha hodi. Nilipoweza kutoka, maharage yalikuwa yamepaliliwa mpaka mwisho wa shamba. Nimeuliza, kila mtu anakana. Kama uko humu ndani leo, usiinuke. Nilikusikia. Asante.