Fundi Ndani ya Gari Nambari Kumi na Nne

Muriel: Haloo? Nani mwenzangu?

Wilfred: Mimi.

Muriel: Mimi nani? Nasikia upepo tu.

Wilfred: Mumeo, Muriel. Hapo nyumbani kwema?

Muriel: Kwema. Nachemsha jamu. Dawa ya saa nne umekunywa?

Wilfred: Nimekunywa. Sikiliza, nimeiona. Ile gari ya mashindano ya kijani, nambari kumi na nne.

Muriel: Ile uliyokuwa fundi wake?

Wilfred: Miaka saba. Iko vilevile. Matairi tu ndiyo mapya.

Muriel: Basi itazame ushibe, mume wangu, halafu Rosalind akurudishe. Umesimama kivulini lakini?

Wilfred: Sijasimama.

Muriel: Umekaa wapi?

Wilfred: Ndani yake.

[Mkwaruzo]

Muriel: Hebu rudia, huo mtandao wa bondeni—

Wilfred: Nimekaa ndani ya gari. Nipo kwenye foleni ya mbio za kupanda kilima. Mbele yangu yamebaki magari matatu.

Muriel: Nani kakutia humo?

Wilfred: Wasimamizi wawili, wana adabu sana. Nilikuwa nimeinama natazama pedali. Wakasema, "Karibu, bwana, tumechelewa kidogo." Wakanishika kwapani, wakaniingiza.

Muriel: Na wewe hukuwaambia kwamba wewe si dereva?

Wilfred: Walikuwa wameshanipa chai.

Muriel: Ah.

Wilfred: Na biskuti.

Muriel: Ni hiyo ovaroli. Nilikwambia vaa koti lako la kanisani.

Wilfred: Ukija na nguo za leo hawakuruhusu kusogelea magari. Kila mtu kavaa ya mwaka wa sitini na mbili, hata muuza aiskrimu. Humjui fundi, humjui dereva.

Muriel: Na dereva mwenyewe yuko wapi?

Wilfred: Kaenda msalani. Mwitaliano, mzee wa rika langu. Kipaza sauti kinamtaja, mimi napunga mkono.

Muriel: Unapunga mkono wa nini?

Wilfred: Watu wanapiga makofi, Muriel, niwanunie? Mama mmoja kanibusu. Kasema sijabadilika hata kidogo tangu tulipocheza dansi.

Muriel: Ukamjibu nini?

Wilfred: Nikamwambia hata yeye.

Muriel: Mpe simu Rosalind.

Wilfred: Binti yako yuko jukwaa la watazamaji ananipiga picha. Anadhani nimeruhusiwa kukaa tu. [Ngurumo] Sasa yamebaki mawili.

Muriel: Wilfred, toka humo. Una miaka themanini na minne. Leseni uliirudisha mwenyewe mwaka jana.

Wilfred: Siwezi. Ile nyonga ya chuma imegoma, na usukani umenibana tumboni.

Muriel: Si mnautoa usukani? Mtu hawezi kuingia wala kutoka humo mpaka utolewe. Umenieleza hayo kila Krismasi.

Wilfred: Unatolewa, ndiyo. Kuna kipini cha kuufungulia nyuma yake.

Muriel: Kipini hicho kilitengenezwa na nani?

Wilfred: Kipini kipi?

Muriel: Wilfred?

Wilfred: Na mimi. Kwa tupa, mezani kwa mama yako.

Muriel: Basi unajua kukifungua.

Wilfred: Najua.

Muriel: Kwa hiyo hujabanwa.

Wilfred: Nimebanwa kidogo.

[Mkwaruzo mrefu]

Muriel: Ile Jumatatu wenye gari walipotaka kukupa uiendeshe mara moja... nilikuwa na mimba ya Rosalind.

Wilfred: Mambo ya zamani hayo.

Muriel: Nikasema hapana.

Wilfred: Sikukulaumu.

Muriel: Hukunilaumu. Miaka sitini hukunilaumu, nilikuwa nakusikia kabisa usivyonilaumu. Sasa umenipigia ili niseme nini?

Wilfred: Nimekupigia kukujulisha tu.

Muriel: Umenipigia nikukataze, utoke humo bila aibu, useme, "Mke wangu kanikataza."

Wilfred: Limebaki moja, Muriel.

Muriel: Ukienda ukafa, mimi nitawaambia nini watu?

Wilfred: Ni kilima tu. Dakika moja na nusu. Pembeni wamepanga marobota ya majani.

Muriel: Kichwani umevaa nini?

Wilfred: Wamenivalisha kofia ngumu, na miwani ya upepo juu ya hii ya kusomea.

Muriel: Mkanda je?

Wilfred: Haina mkanda. Haijawahi— ngoja. Mungu wangu.

Muriel: Nini tena?

Wilfred: Mwitaliano anakuja. Kashuka ngazi za choo, ananinyooshea fimbo.

Muriel: Yuko mbali?

Wilfred: Hatua hamsini. Nitamwomba radhi, nimfungulie kipini—

Muriel: Anatembeaje?

Wilfred: Vibaya. Goti lake naona limekwisha.

Muriel: Yeye kaiendesha mara ngapi hiyo gari?

Wilfred: Mara nyingi sana.

Muriel: Wewe?

Wilfred: Unajua.

Muriel: Basi waambie waisukume iwake.

Wilfred: Muriel.

Muriel: Nimesema wasukume. Wewe si umekunywa chai yao?

Wilfred: Anaita. Anasema kwa Kitaliano.

Muriel: Wewe hujui Kitaliano. Utamwomba radhi ukishuka. Umekanyaga klachi?

Wilfred: Nimekanyaga. La mbele limeshaondoka.

[Sauti za watu, ngurumo]

Wilfred: Simu niiweke wapi?

Muriel: Kifuani, ndani ya ovaroli. Usiikate. Na usikilize, gia ya pili huruka—

Wilfred: Nani kakwambia?

Muriel: Wewe, usingizini. Ishikilie kwa goti mpaka kona ipite. Haya, kwaheri, nenda.

Wilfred: Kwaheri, mke wangu.

[Ngurumo]

Muriel: Nasikia gia ya kwanza... Sasa ya pili, Wilfred. Goti. Weka got— [Mkwaruzo]