Yasuji Okuyama na Askari wa Ukingoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, wachonga kete na wanachama wa klabu ya shogi ya Tendo, mimi ni Fumiyo, binti yake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, mkiona sauti inakatika mnivumilie, kwa sababu hata sasa, chungu cha mifupa yake iliyotoka kuchomwa kikiwa hapa mbele yangu, bado siamini.

Marehemu Yasuji Okuyama alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 hapa hapa Tendo, mtoto wa nne wa mzee Kinzo na Bi Haruno, akasoma shule za mtaani kwetu hadi Machi 1961, akiwa na alama nzuri za hesabu na mbaya za tabia, maana alikuwa akicheza shogi, sataranji yetu hii ya Kijapani, chini ya dawati. Aprili mwaka huo huo aliingia karakana ya mjomba wake kujifunza kuchonga kete, na kazi hiyo hakuiacha mpaka macho yalipomkatalia mwaka 2012. Tarehe 3 Novemba 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Tomie wa Sagae, wakajaliwa watoto watatu, yaani mimi, Masaru na Chizuru, na baadaye wajukuu watano ambao wote aliwaacha wamshinde mara moja moja, kisha akajisifu kwamba aliwaacha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusu ya mliokaa humu mmekuja kulisikia, msijifanye. Tarehe 23 Aprili 1978, katika ukumbi wa klabu, baba alikuwa akicheza na rafiki yake mkubwa, Mzee Sukeo Haga, mkulima wa cheri, na kabla hata mchezo haujaanza vizuri alinyoosha mkono kuchukua chai, mkono wa kimono ukamsukuma askari wa ukingoni, ile kete ndogo ya pembeni mwa ubao, hatua moja mbele, na kwa kuwa baba alikuwa mkaidi, alikataa katakata kumrudisha, akacheza hivyo hivyo, akapigwa vibaya.

Lakini mnajua desturi yetu, mchezo ukiisha hakuna anayeondoka, aliyeshinda na aliyeshindwa huinama pamoja juu ya ubao na kuupitia upya, kila mmoja akigusa kete za mwenzake bila kinyongo, na ni katika mapitio hayo Mzee Haga aliisogeza kete ya baba iitwayo gari la vita hadi nyuma ya askari yule, baba naye akamwacha mfalme palepale alipozaliwa, bila kumjengea ngome kama watu wote wafanyavyo, na kufikia jioni walikuwa na mtindo mpya wa kufungua mchezo, uliowachapa watu kutoka hapa hadi Sendai. Mwaka 1985 kijana mmoja aliutumia kwenye televisheni, mtangazaji akauita Mtindo wa Okuyama, na kuanzia siku hiyo Mzee Haga hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Baba alisema askari alimsogeza yeye, Mzee Haga alisema askari alisogezwa na nguo, na wazee hawa wawili wakawa wanakaa klabu moja, chai moja, bila kutazamana, nasi watoto tukafundishwa kuvuka barabara tukimwona.

Mwaka 2015 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akapewa dawa na kukatazwa chumvi, dawa alikunywa, chumvi aliificha. Mwaka huu klabu ilipoamua kuweka ukutani kibao cha mtindo ule, wazee hao wawili walikubaliana wacheze mchezo mmoja, mshindi aandikwe jina, na tarehe 19 Oktoba 2019, Jumamosi, tulijaa ukumbini. Kura ilimpa Mzee Haga kuanza, naye bila aibu akamsogeza askari wa ukingoni, akamshambulia baba kwa mtindo ule ule wanaougombea.

Mchana baba aliingia kwenye fikra ndefu, kichwa chini, mkono umelala juu ya kimeza cha mateka kando ya ubao, panapokaa kete ulizomteka mwenzako zikingoja kurudishwa mchezoni upande wako. Tulikaa kimya, kama tunavyokaa siku zote mchezaji anapofikiri. Chizuru alitaka kumpelekea chai, mama akamzuia.

"Mwache, anafikiri."

Saa ya mchezo ilipolia kwamba muda wa baba umekwisha, Mzee Haga aliinamisha kichwa akingoja neno la kukubali kushindwa, neno halikuja, akamshika mkono, ukawa wa baridi. Daktari alituambia alikuwa amefariki muda mrefu kabla ya saa kulia. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini tukimtazama, na hakuna aliyejua. Ndugu zangu, mimi nilikuwa karibu yake kiasi cha kumgusa.

Kisha yakaanza maneno. Katibu wa klabu alisema muda ulimwishia, ameshindwa, wengine wakasema hata muda usingekwisha alikuwa ameshakubali, kwa sababu mkono juu ya kimeza ndiyo ishara ya kukubali kushindwa, na maneno hayo yalituuma kuliko msiba wenyewe.

Juzi asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Mzee Haga aliingia nyumbani kwetu, akapiga magoti na miguu yake ile mibovu, akamwinamia baba.

"Yasuji, nimeshindwa."

Katibu, aliyekuwa amekuja kutoa rambirambi, alianza kumkumbusha habari ya saa, Mzee Haga akafungua kiganja, ndani mlikuwa na farasi, kete ya mateka, akasema alimtoa vidoleni mwa baba alipomshika mkono, na kwamba alikuwa na hofu ya kusema. Baba hakuwa akikubali, alikuwa anachukua kete.

"Farasi huyu akitua ubaoni, mfalme wangu hana pa kukimbilia. Nimeupekua tangu Jumamosi, hakuna dawa. Mtindo wetu ameuvunja mwenyewe."

Alisema wetu. Mama akaagiza ubao uletwe na kete zipangwe kama zilivyoachwa, halafu akamwambia Mzee Haga, "Zamu ni ya mume wangu. Mchezee." Mzee Haga akamweka farasi mahali pake, kisha akalia kwa sauti, nasi tukalia naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza tangu 2015, wahudumu wa gari la wagonjwa, majirani waliotupikia, wenzake wa karakana na klabu nzima, katibu akiwemo. Kuhusu kibao, tunaomba yaandikwe majina mawili, na Mzee Haga, chakula kikiisha usiondoke, twende nyumbani tuupitie mchezo, upande wa baba nitakaa mimi.

Baba, lala salama, umeshinda.