Marehemu Taraivini Naulivou na Picha Zilizotoka Nyeupe

Mchungaji, wazee wetu wa Ekubu, wageni mliovuka maji kutoka Sigatoka na Suva, mimi ni Apenisa, binamu wa marehemu na mtani wake tangu utotoni, na karatasi hii nimepewa niisome kwa kuwa mumewe na wanawe wamejaribu wakashindwa, ingawa sijui nani aliwaambia kwamba mimi nitaweza.

Marehemu Taraivini alizaliwa tarehe 3 Juni 1949 hapa hapa Ekubu, kisiwani Vatulele, akaanza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza mwaka 1963, na akarudi kwa mama yake kujifunza kazi ya masi, kuponda gome la mti mpaka likawa kitambaa na kulichapa michoro, kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipokataa.

Tarehe 15 Januari 1972 alifunga ndoa na seremala Iliesa Naulivou katika kanisa hili, na siku hiyo nilimwambia bwana harusi mbele ya watu, "Pole shemeji, huyu ukimtuma samaki atakaa kumtazama mpaka aoze," naye bibi harusi akanirushia kipande cha muhogo, kikanipata sawasawa sikioni. Walijaliwa watoto wawili, Viniana na Maciu.

Mwaka 1984, akiwa dobi katika hoteli ya watalii, mgeni mmoja mzamiaji alimwachia kamera ya kupigia picha chini ya maji, na tangu hapo dada huyu hakukamatika, alizama kwa pumzi zake mwenyewe mahali penye matumbawe nje ya rasi, alipopaita Bustani, akatoka na picha, akakata violezo vyake kwenye filamu kuukuu za eksirei alizoomba hospitalini, na kuchapa pweza, kasa na matumbawe juu ya masi. Akina mama wakubwa walimjia juu, "Masi ya pweza ilionwa wapi, we mtoto?" naye akawajibu, "Ilionwa chini, mama, shuka ukaione." Baadaye wote waliiga, na wengine mko hapa, msijifiche.

Mwezi Agosti 1999 alianza kukohoa, na tarehe 6 Septemba madaktari wa Sigatoka wakaona saratani ya mapafu, wakamkataza kuzama. Wakati huo alikuwa ameanza masi ya harusi ya Viniana, itakayofungwa Agosti hii, pembe zote alizimaliza, akaacha katikati wazi kwa ajili ya Bustani, akanipa kamera na kuniambia nimletee picha mpya, kwa kuwa picha za zamani alikwisha kuzitumia, na hatamvisha mwanawe kitu kilichorudiwa.

Ndugu zangu, nilizama mwezi Februari, maji yakiwa ya moto kama ya kumwogeshea mtoto, na matumbawe yote niliyakuta meupe kama mihogo iliyomenywa. Filamu ilikwenda Sigatoka kusafishwa, ikarudi, Taraivini akaitazama akaguna, "Wewe Apenisa, mwanga wote umeufungulia! Jicho la kamera unalidhani mlango wa kanisa?" Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia macho yake ndiyo yamezeeka. Mwezi Machi nilirudi, hali ile ile, na ndani ya weupe ule ukungu wa kijani ulikwisha kuanza kuota, nikamuuliza bwana wa idara ya uvuvi tufanye nini, akaniambia ni joto la maji linaloyaua, tusubiri yapoe. Taraivini alitukana picha zile pia. Nilitaka kumwambia kwamba Bustani yenyewe ndiyo imekuwa nyeupe, kweli nilitaka, lakini kila nilipofungua kinywa ulitoka utani, na yeye alikuwa na furaha ya kunitukana, nikaona nimwachie hiyo.

Jumatatu iliyopita alinishika mkono akasema, "Ukipata hata moja iliyo sawa, mpe Viniana, atajua pa kuiweka." Nikasema nitapata. Alifariki Jumatano, tarehe 10 Mei 2000, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake. Masi mnayoiona chini ya jeneza ndiyo ile ya harusi, Viniana ameitoa mwenyewe, na katikati yake hakuna kitu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sigatoka, manahodha waliopeleka dawa na filamu bila kulalamika, wafanyakazi wenzake wa hotelini, na majirani waliompikia mchuzi wa samaki hata siku ambazo hakuweza kuumeza. Wazee wametangaza kwamba kuanzia leo mwamba ule wa Bustani unafungwa siku mia moja kwa heshima yake, hakuna ndoano wala wavu, na tutatii, ila joto hatujui tulifungie vipi.

Binamu, mwanga niliupima sawa. Lala salama.