Seva ya Pili ya Bi Voahangy

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi Voahangy Razanamasy, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika Kituo cha Damu cha Pwani ya Mashariki hapa Toamasina, na siku hiyohiyo atastaafu. Wenzangu wameniomba niandike machache kumhusu katika jarida letu, kwa kuwa mimi ndiye niliyerithi meza yake ya kwanza, ya mapokezi. Nimekubali kwa furaha, ingawa najua akisoma atasema nimeongeza chumvi.

Kwenye meza hiyo alikuwa akipokea wachangiaji damu, na wanaume waliofika wakaanza kusitasita mlangoni hawakupona ulimi wake. "Kaka, mkeo kazaa watoto wanne, wewe unatetemekea sindano moja?" Watu waliingia wakicheka, wakatoa damu, na mwezi uliofuata wakaleta ndugu zao. Kompyuta zilipokuja, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Akapelekwa Antananarivo kusoma, akarudi na cheti, pamoja na kikohozi alichodai ni cha baridi ya huko na ambacho kwa sababu yake hajawahi kuusamehe mji mkuu. Taratibu akapanda hadi kuongoza kitengo.

Alikuwa mkali. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na chakula katika chumba cha seva, hata peremende. Kwa hiyo Desemba moja tulipoanza kusikia harufu tamu humo ndani, mkurugenzi wetu, Daktari Ramaroson, aliamuru msako. Nyuma ya mashine likapatikana kapu zima la matunda ya lichi, yamepoa vizuri kwa kiyoyozi cha serikali. Bi Voahangy hakutikisika. Alieleza kwamba lichi si chakula mpaka limenywe ganda, kisha akamjazia Daktari mfuko. Suala hilo halikufika kwenye kikao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kituo hiki kitamshukuru kwalo daima.

Miaka kadhaa iliyopita kimbunga kiling'oa paa la jengo letu la zamani. Mashine ziliharibika, na ilituchukua miezi kukusanya upya majina ya wachangiaji na makundi yao ya damu. Daktari Ramaroson akaleta wazo la kunakili kumbukumbu zote kwenye wingu la mtandao. Bi Voahangy alikuwa wa kwanza kupinga.

"Daktari, mawingu ndiyo yanatung'olea paa kila mwaka, halafu unataka nikayape na majina ya watu?"

Daktari akamweleza kwa subira kwamba wingu hilo ni mashine tu, zilizo nchi nyingine, mbali na vimbunga vyetu. Seva moja hapa kituoni ingekuwa inakusanya kila tunachoandika na kukituma huko muda wote, ili siku mashine zetu zikifa tuiwashe nakala na kuendelea na kazi. Bi Voahangy alikaa nalo siku kadhaa, kisha akarudi.

"Sawa. Lakini nitakuwa naizima ya hapa kwa makusudi, nione kama hiyo ya huko inaamka."

Na kweli, kila baada ya muda alikuwa anatufanyisha zoezi. Katika zoezi mojawapo ndipo alipoona kasoro. Nakala iliamka vizuri, ila wachangiaji wa jana na juzi hawakuwemo. Wakati huo hospitali mbili za jirani zilikuwa zimejiunga nasi, na kumbukumbu zao, pamoja na picha zao zote za eksirei, zilipitia seva yetu ileile moja. Wengi tulilaumu intaneti. Yeye akaipima laini, akakuta ina nafasi tele. Iliyoelemewa ilikuwa seva yenyewe: ilituma bila kupumzika, na foleni nyuma yake ikazidi kurefuka. Ilihitaji mwenzake wa kugawana naye mzigo.

Mwaka huo fungu kubwa la fedha lililokuwepo lilikuwa la jokofu jipya la damu.

"Dada Voahangy," Daktari akamwambia mbele yetu, "nikikununulia seva, damu niiweke wapi? Chini ya kitanda changu?"

"Jokofu nunua, Daktari. Mimi mwenyewe nililiomba. Lakini kitengo changu kimepangiwa kompyuta mpya. Zifute hizo, uninunulie seva."

Haja, fundi wa kitengo chake, nusura aanguke kwenye kiti. Walipotoka nje akamlalamikia waziwazi. "Dada, hii kompyuta yangu nikiiwasha naenda kunywa chai, naongeza kikombe cha pili, nikirudi bado inawaza!"

"Basi ongeza na cha tatu. Nalipa mimi."

Hakuwa anatania. Mwaka mzima alifika asubuhi na mofo gasy za moto, vile vitumbua vyetu vya mchele, akaziweka mezani kwa vijana wake kabla hajavua koti. Alijua amewanyima kitu, na hakujifanya kama hajui.

Seva ilipofika, yeye na Haja waliifunga wenyewe, wakazihamishia kwake mashine za hospitali zile mbili, na zetu wakaziacha kwenye ile ya zamani. Siku za mwanzo mambo yalikuwa mabaya kuliko kwanza, maana seva mpya ililazimika kunakili upya kila kitu tangu mwanzo. Daktari alikuwa anachungulia mlangoni kila akipita. Kisha foleni ikaanza kupungua, ikaisha, na nakala ya wingu ikawa nyuma yetu kwa dakika chache tu.

Februari ya mwaka juzi kikaja kimbunga ambacho nyote mnakikumbuka. Maji yaliingia chumba cha seva mpaka kiunoni. Zote mbili zikafa, ya zamani na mpya. Asubuhi upepo ulipotulia, muuguzi Fidisoa wa wodi ya wazazi katika mojawapo ya hospitali zile mbili alifika kwa miguu, amelowa chapachapa. Kuna mama alikuwa amejifungua na anatoka damu nyingi. Kundi lake ni O hasi, ambalo hapa kwetu walio nalo ni wachache mno, na katika jokofu haikubaki hata chupa moja.

Bi Voahangy aliifunga kompyuta mpakato ndani ya mfuko wa plastiki, akaibeba kichwani, akavuka maji pamoja na Haja na Fidisoa hadi ofisi ya wasafirishaji wa karafuu, ambako jenereta na intaneti vilikuwa bado hai. Akaanza kuiamsha nakala.

"Dada, bado?" Fidisoa akauliza.

"Bado. Keti."

"Siwezi kuketi."

"Basi simama, ila usinitikise bega."

Majina yakatokea. Wenye kundi hilo walikuwa wachache, na karibu wote walikaa ng'ambo ya barabara zilizokatika. Aliyekuwa karibu ni mmoja, Bwana Velonjara, mchuuzi wa karafuu wa mtaa wa Tanambao. Alikuwa amekuja kituoni mchana wa kuamkia kimbunga. Tulimpima kundi, tukamwandika, tukamwambia arudi baadaye kwa sababu tulikuwa tunafunga milango. Kwa seva moja iliyoelemewa, jina lake lisingekuwa limefika.

Haja alimkuta juu ya nyumba anaanika magunia.

"Mliniambia nirudi kimbunga kikipita," Bwana Velonjara akamwambia kutoka juu.

"Kimepita, kaka. Shuka twende."

Mama yule alipona. Mtoto ni wa kike, na ana afya njema. Bi Voahangy alipoletewa habari, aliomba ruhusa aende nyumbani kuona kama paa la jikoni lake bado lipo. Halikuwepo. Jumapili iliyofuata kituo kizima, Daktari akiwemo na nyundo asiyoijulia, tulikwenda kuliezeka.

Wiki iliyopita tulifanya zoezi la mwisho naye, na kwa mara ya kwanza aliagiza tusimuulize lolote. Akakaa pembeni na mkoba wake mapajani. Katikati Haja akakwama, na sote tukageuka kumtazama Dada. Yeye akatazama dari. Haja akajikuna kichwa, akakumbuka, akaendelea, na nakala ikaamka na majina yote hadi ya asubuhi ileile. Bi Voahangy akasimama.

"Basi. Mimi naenda sokoni, samaki wanaisha."

Akatoka, na hakuna aliyelazimika kumwita arudi.

Dada Voahangy, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na kwa ukali uliotufundisha kazi. Wapo watu mjini humu wanaotembea leo na hawajui kwamba wana deni la kukushukuru, basi tunakushukuru kwa niaba yao. Nenda ukapumzike na jamaa zako. Mungu akupe afya na maisha marefu yenye furaha, na usingizi mzito, hata Februari.